Bangi Iliyonukia Ndimu

Nilipelekwa kuwa bwana shamba katika kijiji kipya cha Ujamaa, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Usoke. Kazi yangu ilikuwa tumbaku: vitalu, kupandikiza, kuvuna, kukausha. Mimea mingine haikunihusu.

Mkulima hodari kuliko wote pale alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa jirani yangu. Mumewe aliwahi kufanya kazi ya reli mpaka siku taruma la chuma la kulazia reli lilipomwangukia mgongoni. Tangu hapo alishinda amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kamba barazani, akiwahesabia wapita njia makosa yao. Mkewe alilima peke yake, na sehemu yake katika shamba la bega kwa bega, ambamo kila mtu alikuwa na kipande chake kando ya cha mwenzake, ilijulikana hata kwa mbali kwa usawa wa matuta.

Siku ya soko la tumbaku, mteuzi aliyekuja kupanga madaraja alifungua robota la mama huyo, akainamisha pua, akainuka, akainama tena.

"Hii imehifadhiwa na nini?" aliuliza.

Nami nikanusa. Chini ya harufu ya asali ya tumbaku iliyoiva vizuri kulikuwa na nyingine, kali, kama ganda la ndimu lililokwaruzwa kwa kucha, na pilipili manga kwa mbali. Mteuzi alilikataa robota lile, kisha akaanza kuyanusa ya wengine kwa mashaka. Watu wakanung'unika.

Alasiri nilikwenda nyumbani kwa yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Najua kilichokuleta. Pita huku."

Alinipeleka nyuma ya bani, lile banda la udongo la kukaushia tumbaku. Palikuwa na mimea mitatu ya bangi, kila mmoja umenipita kimo, imesimama mahali palipokuwa zizi la mbuzi. Majani yalikuwa membamba na vichwa vyake vilinata. Aliponifikichia kimoja viganjani, harufu ilijaa hewani, na viganja vyangu vilinukia hadi nilipooga.

Alinieleza kama mkulima anavyomweleza mkulima. Mbegu alipewa na mama yake, na mama yake aliipata kwa wazee waliokaa kando ya njia ya zamani ya misafara. Bangi nyingine, alisema, inanuka kama nyasi mbichi na kumfanya mtu mkali. Hii ya ndimu hutaka samadi kuukuu na jua tele. Miche dume aliing'oa mara alipoitambua. Kukausha ni kivulini, jua huiua harufu. Mwaka ule mvua za mwisho zilichelewa kukatika, akaogopa ukungu, akavitundika vichwa vilivyotangulia kukomaa ndani ya bani baada ya moto wa tumbaku kuzimwa. Lilikuwa kosa moja tu, na alilijua.

"Ni ya nani?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa limelala barazani.

Tulipofika barazani, mumewe hakuficha. "Maumivu hayaondoki," aliniambia. "Yanasogea tu, yanakaa kule kama mgeni asiye na haraka. Mimi nakula, nalala."

"Mwambie na mengine," mkewe akadakia. "Kesho yake humtumi wala humuulizi. Anakula, anasahau kama amekula. Juzi kashinda akisema mwenyekiti yuko juu ya paa anamsikiliza."

"Alikuwepo," mume akasema.

Alinipa kiko chake. Nilikuwa kijana na nilitaka kujua. Nilivuta mara mbili, nikakohoa mpaka machozi. Baadaye nilimsikia jirani wa upande wa pili akitwanga, na kati ya pigo moja na jingine niliweza kufikiri mambo mengi, yote yakionekana ya maana sana. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio nikaogopa bila sababu. Nilikaa chini mpaka hofu ikapita. Sikurudia.

Siku mbili baadaye mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Wakulima walihofu tumbaku ya kijiji kizima ingepata jina baya. Mwenyekiti akanigeukia.

"Bwana shamba, wewe ndiye umesomea. Ile harufu ni ya nini?"

Ningeweza kusema ni ukungu, au ni kuni za mti fulani. Yule mama alikuwa mbele yangu, akitazama vidole vya miguu yake.

"Ni bangi," nikasema.

Alisimama kabla hajaitwa. "Amesema kweli. Ni yangu, si ya mwingine. Nitaing'oa mwenyewe, asiingie mtu kwangu."

Aliing'oa siku ileile, mimi na mwenyekiti tukishuhudia kwa mbali. Aliitikisa mizizi udongo ukatoka, kama anavyofanya mtu na karanga, akaichoma. Mumewe aligeuza uso ukutani.

Wiki zilizofuata tuliusikia ugonjwa huo wa mgongo kwa mlio wa kitanda chake. Nilimletea aspirini kutoka zahanati, akazipokea bila kuniangalia. Mwishowe tulimbeba kwa machela mpaka stesheni, akapelekwa hospitali Tabora. Alirudi amefungwa mkanda mpana wa ngozi kiunoni na aliweza kuketi. Hakunisemesha tena, hata salamu. Sikumlaumu.

Mkewe aliendelea kunisemesha kama kawaida, na hilo lilinitaabisha zaidi. Siku moja nilimuuliza kama alibakiza mbegu.

"Unauliza kama bwana shamba au kama jirani?"

"Kama jirani."

"Basi kaa, unywe uji."

Nilikaa, na sikuuliza tena. Ulikuwa uji wa mtama, mzito, na mvua za kwanza zilikuwa karibu, kwa hiyo tulizungumzia vitalu vya msimu ule na wapi tungepata nyasi za kuvifunikia.