Wifi Yangu Rukaya na Watu wa Tuzo

Marehemu mume wangu Nasri hakuchoma gauni la mtu yeyote. Hakumfukuza dada yake nyumbani, wala Rukaya hakulala hata siku moja barazani kwa watu kwa sababu ya kuimba. Naandika hivi kwa kuwa maneno hayo yamechapwa kwenye kijitabu chenye picha za rangi, yanasomwa hapa mjini, Ikungi na mpaka Nduguti, na walioyachapa wanajiita kamati.

Rukaya alikuwa wifi yangu. Baba yao, Mzee Abdulmajidi, alikuwa Mzaramo aliyeletwa Singida na biashara ya vitenge, akaoa Mnyaturu, akajenga Utemini. Rukaya alizaliwa hapo mwaka 1952. Alimaliza shule ya msingi, akajifunza kushona, na kwenye maulidi ya mtaani alisoma kaswida kwa sauti iliyofanya watu wasahau pilau mbele yao. Mwaka 1971 Simeoni, kiongozi wa bendi ya Kindai Jazz, alimsikia, akaja kumwomba kwa baba yake kwa adabu zote, kama anayeposa. Mzee alikataa mara mbili.

Aliyemlainisha mzee ni Nasri. Aliahidi kwamba dada yake ataimba amevaa gauni refu, kwamba yeye mwenyewe atakaa ukumbini tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba atamrudisha nyumbani. Alitimiza ahadi hiyo miaka minane. Nilipoolewa mwaka 1975, mwalimu mpya kutoka chuoni, nilikuta mume wangu ana kiti chake kando ya jukwaa na chupa yake ya chai, na wapiga magitaa wakimtania kwamba yeye ndiye mpiga chupa wa bendi. Huyo ndiye wanayesema alichoma magauni. Mawili kati ya hayo magauni ninayo mimi, kwenye sanduku.

Mwaka 1979 Rukaya aliacha kuimba. Alirudi kwenye cherehani yake na kushona sare za shule karibu miaka arobaini. Nusu ya wakubwa wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka katika mkoa huu walianza shule wakiwa na kola alizozishona yeye. Hakuna aliyemkumbuka kwa tuzo.

Sasa niwaeleze hiyo tuzo, maana wameandika historia yake kana kwamba ni ya uhuru wa nchi. Ilianzishwa mwaka 2015 na Stanley, mtangazaji wa redio, mtu wa miaka arobaini na zaidi anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akaiita tuzo ya malkia wa jazz. Mwaka wa kwanza walishindana wanawake watatu na akashinda shemeji yake. Hapakuwa na bendi. Waliimba juu ya muziki uliotoka kwenye flashi, hakuna hata ngoma moja iliyoguswa na mkono wa mtu. Sisi tulioisikia Kindai Jazz, na magitaa yake manne na tarumbeta mbili, tulitazamana tu.

Mwaka wa pili waliipeleka Ikungi siku ya mnada, na mpiga mnada wa mbuzi akawashinda kwa sauti. Alishinda mwimbaji wa kwaya kutoka Nduguti, binti mwenye heshima, ambaye alisema jukwaani kwamba jazz haijui lakini anamshukuru Mungu. Huyo nilimpenda kwa ukweli wake. Mwaka wa tatu mgeni rasmi hakutokea, akamtuma mke wake, na tuzo akapewa huyo mke, ambaye hajawahi kuimba hata kwenye harusi. Ilikuwa inakufa, na ingekufa bila kusumbua mtu, kama Rukaya asingefariki mwaka 2018. Ndipo walipogundua kwamba Singida iliwahi kuwa na mwimbaji wa kweli.

Stanley alikuja msibani. Na hapo msibani ndipo alipookota huo uchafu.

Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba Mzaramo akifa, Mnyamwezi ana kazi yake ya utani, kuwachekesha wafiwa kwa matusi ya uongo. Mtani wetu ni Mzee Antipasi, aliyetoka Tabora zamani na kufungua karakana ya baiskeli mtaa wa pili. Siku hiyo alijifunga kanga ya Rukaya, akalala mlangoni ili jeneza lisipite, akaanza kulia kwa sauti ya marehemu. Kwamba kaka yake alimchomea magauni. Kwamba alimtimua, akahifadhiwa na Mnyamwezi mwenye huruma, yaani yeye. Kwamba Wazaramo wote ni wachoyo na Nasri ndiye mfalme wao. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, Nasri kuliko wote, na Antipasi hakuinuka mpaka alipopewa jogoo. Ndivyo tunavyozikana. Stanley alikuwa nyuma, ameinua simu anarekodi.

Nasri alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka jana, walipokwisha kuipa tuzo jina la Rukaya, wakatoa kijitabu, na ule mzaha wa mtani ukawa ukurasa wa tatu, wenye kichwa cha habari. Mjukuu wangu aliulizwa shuleni kama babu yake ndiye yule mchoma magauni.

Nilikwenda kwenye ofisi yao Utemini nikiwa na Antipasi. Stanley aliniamkia vizuri, hilo sitamnyima. Alisema ana ushahidi, akatuchezea ile sauti kwenye simu, na akamwambia Antipasi kwamba alilia kwa uchungu mpaka yeye naye akaguswa.

Antipasi akamwuliza, "Baba, wewe kabila gani?"

Stanley akasema amekulia mjini, mambo ya makabila hayafuatilii.

"Inaonekana. Mimi hawa Wazaramo nawatukana tangu mwaka sitini na tano. Nilisema pia kwamba baba yao alinunuliwa kwa kilo ya chumvi. Mbona hilo hukuliandika?" Akanigeukia. "Mjane wa mchoyo, twende. Huyu hata jogoo hana."

Sikuondoka. Nilimwambia Stanley aufute ukurasa huo kabla ya tuzo ya mwaka huu. Alikuna kidevu. Akasema watu wanaupenda, wasichana husoma wakalia, na wafadhili wameguswa. Halafu akaniletea bei yake.

"Mama, naufuta leo hii. Ila watu watauliza, kama kaka yake hakumkataza, aliacha kwa nini? Tuambie wewe, tuandike hilo badala yake."

Kwa hiyo jina la mume wangu lilikuwa mezani, na cha kulikomboa kilikuwa siri ya wifi yangu. Antipasi aliacha mizaha. Alisema taratibu kwamba yeye, aliyevaa kanga ya marehemu na mwenye ruhusa ya kusema lolote, hilo hakuligusa.

Nilimjibu Stanley kwamba ukurasa ataufuta, na jina la Rukaya ataliondoa kwenye tuzo yake, kwenye bango na kwenye kijitabu, na kwamba barua ya mwanasheria wa familia itamfikia ndani ya siku tatu. Ilimfikia. Ukurasa ameufuta, ingawa vijitabu vya mwaka jana bado vinapita mkononi mwa watu. Tuzo ya mwaka huu imerudi kuwa ya malkia wa jazz, na nasikia shemeji yake anagombea tena.

Tangu hapo watu wanapita kwangu kusalimia, wengine walikuwa hawajanisalimia miaka kumi. Wanakunywa chai, wanasifu ua langu, kisha wanazunguka mpaka wanafika mwaka 1979. Ninajua kwa nini Rukaya aliacha kuimba. Nasri alijua. Sitamwambia mtu, sitaandika, na anayekuja kuuliza amalize chai yake aende.