Banda la Kuanikia Nguo

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa mkuu mpya wa chuo kidogo cha ualimu huku Rungwe, kijana bado, kichwa kimejaa ndoto. Nilitaka chuo kikue. Na kukua, kwa akili yangu ya wakati ule, kulikuwa ni geti kubwa la matofali lenye jina la chuo kwa herufi za rangi, mgeni alione tangu barabarani. Matofali yalishafika. Fundi alikuwa anakuja Jumatatu.

Asubuhi hiyo wanachuo walikuwa wanakwenda shule za Lufingo kuanza mazoezi ya kufundisha. Mvua ilikuwa wiki ya tatu, nawe unaijua mvua yetu. Nikasimama mlangoni kukagua mavazi. Akafika Tumpe, binti aliyetoka kijiji cha Kinyala, hodari kuliko wote darasani. Sketi yake ilikuwa mbichi, inanuka uvundo.

"Mwalimu gani ananuka hivi?" nikasema mbele ya wenzake, nikafuta jina lake kwenye orodha.

Kukosa mazoezi kulikuwa ni kurudia mwaka, na kwao hapakuwa na uwezo wa kumsomesha mwaka mwingine. Tumpe alishika tu pindo la sketi, akalikamua.

Aliyejibu ni Mama Lugano, mpishi wetu, katoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mkuu, hilo koti lako limekaukia wapi?"

"Mke wangu hulipiga pasi."

"Haya! Basi na hawa watafutie wake wa kuwapigia pasi!"

Wanachuo wakaangua kicheko. Nikacheka nami, aibu imenijaa. Mama Lugano akanitangulia hadi bwenini, akapiga hodi, tukaingia. Miezi minne nilikuwa pale, mwanangu, na sikuwahi kukanyaga humo. Nguo zilitundikwa vitandani na madirishani, zinadondoshea maji madaftari.

Nilirudi nikamwomba Tumpe radhi mbele ya walewale, nikaliandika jina lake upya. Mama Lugano akaikausha sketi kwenye joto la jiko la kuni, gari likisubiri. Tumpe akapanda wa mwisho, ananuka moshi, meno yote nje.

"Ndaga fijo, asante sana, Mama! Leo watoto watadhani mwalimu wao kabanikwa!"

Jumatatu fundi alikuta nimebadili mchoro. Yale matofali yakajenga banda la kuanikia nguo, limeegemea ukuta wa jiko lipate joto. Wanachuo waliyabeba wenyewe, wakiimba. Wakuu wenzangu walinitania miaka, eti "mkuu wa kamba za nguo". Lakini wazazi walisikia kwamba pale watoto wanatunzwa, wakawaleta. Madarasa yakaongezeka, bwalo likajengwa, na maktaba baadaye.

Sasa nikuambie. Ukipewa kuongoza watu, hata kama ni kwaya tu, usianze na kile kinachoonekana na wapita njia. Ingia wanapolala, kula wanachokula. Anayepika msikilize kama unavyomsikiliza mgeni kutoka wilayani. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi pembeni.

Mungu akupe kazi inayouchosha mwili na kuuchangamsha moyo, mwanangu. Akupe na mtu asiyeogopa kukwambia ukweli, na wewe akupe sikio la kumsikia.