Fundo la mkono wa kushoto lililompeleka Goreth Ilagala

Saa moja asubuhi, mwalo wa Kibirizi, kando ya ziwa, umeshachangamka. Wachuuzi wanagombea dagaa, wapagazi wanapita na ndoo vichwani, na Goreth Nshimirimana ameketi kwenye kigoda nyuma ya vichanja, rundo la manyoya ya bata likiwa mapajani mwake.

Anachukua unyoya mmoja, anauchovya kwenye kopo la maji, anaupitisha katikati ya midomo. Ukisimama tena, anauweka juu ya kanga. Ukilala, anautupa. Katika kumi anabakiza mawili, yakizidi sana matatu.

"Huu umekufa," anasema, akiinua unyoya mweupe ambao machoni pa mgeni hauna kasoro. "Bata huyu alimwagiwa maji ya moto ndipo akanyonyolewa, mafuta yote yakatoka. Ukiufunga kwenye ndoano unakunywa maji, unajikunja. Mgebuka hadanganyiki hapo."

Goreth, mwenye umri wa miaka 26, huwafungia manyoya wavuvi wa mshipi. Ndoano yenye unyoya ikivutwa majini hucheza kama dagaa, na mgebuka, samaki anayewinda dagaa, huirukia. Yeye hupendelea unyoya wa kifua cha bata, kwa kuwa ni laini. Ndoano moja ni shilingi hamsini, na siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu moja na mia tano.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, Leonardi Ntakarutimana, mvuvi wa Rumonge nchini Burundi. Mzee alitumia mkono wa kushoto, na mabinti zake wawili, Goreth na mdogo wake Gloriose, wakajifunza vivyo hivyo. Unyoya hupasuliwa katikati, nusu ikatupwa, na nusu inayobaki hukunjwa upande unaong'aa ukiwa ndani. Kisha uzi huzungushwa mara tatu kuelekea kushoto na kupitishwa chini yake wenyewe.

"Wavuvi wenzake walimcheka, wakamuuliza mng'ao unafichwa wa nini," Goreth anasimulia. "Baba akawaambia, dagaa hang'ai mpaka ageuke."

Leonardi hakufika Tanzania. Oktoba 1993, mauaji yalipofika kijijini kwao, aliwapeleka mabinti zake ufukweni, akawasukumia kwenye umati uliokuwa ukigombea mtumbwi mmoja. Goreth alipanda. Gloriose, aliyekuwa na miaka 13, alibaki.

Wiki mbili baadaye, mtu wa kijijini kwao aliyevuka akamwambia kwamba waliobaki ufukweni siku ile hakusalimika hata mmoja. Goreth akaandikisha majina mawili kanisani, la baba na la mdogo wake, misa ikasomwa. Mwaka uliofuata aliolewa na Fabian, mpagazi wa hapa Kibirizi, akaanza maisha upya.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Februari mwaka huu wa 1998, siku ambayo mvuvi aitwaye Nikodemu alitia nanga Kibirizi na mshipi uliokatika, akamwomba Goreth aongeze ndoano sita.

Goreth aliushika mshipi ule bila kuutazama, kama anavyoshika mishipi yote. Kidole gumba kikapita juu ya fundo. Kikarudi.

"Nilidhani ni ndoano yangu imerudi," anasema. "Nikatazama uzi. Mimi sina uzi wa bluu, sijawahi kuwa nao. Nikaupasua unyoya kwa kucha, mng'ao ukawa ndani."

Wauza dagaa waliokuwa jirani wanasema alianguka kutoka kwenye kigoda chake, wakadhani ni malaria. Walimmwagia maji. Alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilimwelekea Nikodemu.

"Nani amekufungia hii?"

"Binti mmoja kule kwetu Ilagala," Nikodemu akajibu. "Ni bubu. Anakaa kwa Mama Veneranda."

"Ana umri gani?"

"Sijui, dada. Kumi na nane, labda."

Kutoka Kibirizi hadi Ilagala ni safari ya saa chache tu kwa boti ya mashine. Kwa zaidi ya miaka minne mgebuka wa Ilagala umekuwa ukiuzwa mbele ya macho ya Goreth. Hilo, anasema, ndilo linalomuuma mpaka sasa akilifikiria.

Kesho yake alipanda boti pamoja na mumewe. Mama Veneranda, mjane wa makamo, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mama," Goreth alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Kabla hajaeleza kilichomleta, mwenyeji alimtazama usoni, kisha akatazama nyuma ya nyumba, kisha akamtazama tena. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Pua ni ile ile."

Veneranda anaeleza kwamba binti yule aliletwa na wavuvi Novemba 1993, pamoja na wakimbizi wengine. Wenzake walipopelekwa kambini, yeye alikuwa hoi kwa homa, akabaki. Hakutamka neno, hata jina lake.

"Siku moja nilimkuta amefumua ndoano zote za marehemu mume wangu anazifunga upya," anasema Veneranda. "Mume wangu alikasirika. Jioni ile alirudi na samaki wengi kuliko tulivyowahi kuona mashuani mwake. Tangu hapo tukamwachia manyoya."

Nyuma ya nyumba, Gloriose alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la manyoya. Goreth alimwita jina lake. Binti aliinua uso, akamtazama dadake muda mrefu, kisha akainama na kuendelea kuchagua. Unyoya, maji, midomo. Unyoya, maji, midomo.

Goreth alikaa chini kando yake, akaanza kuchagua naye. Alimuuliza kwa Kirundi kuhusu baba yao. Gloriose akatikisa kichwa mara moja. Rundo lilipokaribia kwisha, ndipo alipofungua kinywa, kwa sauti ambayo Veneranda hakuwahi kuisikia.

"Warandekuye," alisema.

Maana yake ni: uliniachilia.

Kwa miaka yote hiyo Goreth alikuwa amemweleza kila aliyeuliza, mumewe akiwemo, kwamba umati uliwatenganisha. Leo, huku vidole vyake vikiendelea na kazi, anasema vinginevyo.

"Nilimshika mkono mpaka kwenye mtumbwi. Ukingo ulikuwa juu, mkono mmoja haukunitosha kupanda. Nikauachia wake. Nilijiambia nikishapanda nitamvuta. Mtumbwi ukaondoka."

Alipolisema hilo kwa mara ya kwanza, siku ile mbele ya watu wote uani kwa Veneranda, Fabian alitoka nje ya ua. Kisha akarudi, akaketi kando ya mkewe.

"Nilishtuka," Fabian anasema. "Lakini mimi sikuwapo pale ufukweni. Nimhukumu kwa lipi?"

Tangu siku hiyo Goreth amekwenda Ilagala mara tano. Gloriose sasa huzungumza kidogo, maneno machache kwa siku, ingawa jinsi alivyonusurika ufukweni hajaisimulia. Akimwona dadake akija huenda kuteka maji ya kumpikia. Mara ya mwisho alimcheka kwa kuchagua unyoya mbaya.

Jambo moja hataki kulisikia, nalo ni mtumbwi. Goreth alipomwomba apande boti wakaishi wote Kibirizi, alijifungia ndani kwa siku mbili.

Kwa hiyo Goreth ameamua kuhama. Baada ya Pasaka ataacha wateja wake wa hapa, na Fabian ataacha upagazi. Veneranda amewapa kipande cha kiwanja kando ya nyumba yake, na tayari wameshapeleka nguzo.

"Wenzangu wananiuliza, kule utapata wateja wangapi, wakati wavuvi wote wanamjua yeye," anasema, akikung'uta manyoya kwenye kanga. "Nawaambia nitakuwa namchagulia manyoya. Yeye afunge. Akitaka kunisamehe, anajua nilipo, niko mlango wa pili."