Tulipomwombea Asitolewe

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ya utoto wangu ni wa mkasi wa Mama ukianguka kwenye sakafu ya saruji. Ting. Ulikuwa mkasi mzito wa fundi, na Mama alikuwa na mazoea ya kuuweka ukingoni mwa meza, kwa hiyo ulianguka chini kila siku, katikati ya harufu ya pasi ya moto juu ya kitenge na ya mafuta ya taa ya hita yetu ndogo. Mpaka leo mkasi ukianguka popote mimi hugeuka kutazama, kwa sababu mlio ule ni sawasawa na wa gongo la chuma likigonga mpira wa besiboli. Katika vyuo vya Marekani hawatumii gongo la mti kama wachezaji wanaolipwa. Wanatumia la chuma, nalo hulia. Na mwaka ule wa 2017, kila lilipolia, maana yake mara nyingi ilikuwa kwamba mtu ameupiga mpira uliorushwa na kaka yangu.

Sisi ni watu wa Uvira, Kongo. Tulikuwa tunaishi Mayfair, Johannesburg, katika chumba kimoja nyuma ya duka la ushonaji la Mama, ambaye wateja wake wengi walikuwa wanawake wa Kisomali waliotaka mabuibui yapunguzwe urefu. Baba alikuwa mlinzi wa geti la uwanja wa michezo kule Randburg, na siku za likizo kaka yangu mkubwa, Justin, niliyemwita Yaya kama kwetu tunavyowaita ndugu wakubwa, ndiye aliyempelekea chakula. Huko, mipira ya besiboli ilikuwa ikiruka uzio na kuangukia getini, na Yaya alizoea kuirudisha kwa kuirusha. Kocha mmoja mzee akaona kwamba mpira unaotoka getini hufika mkononi mwa mchezaji bila kudunda hata mara moja. Akamwita ndani. Miaka michache baadaye chuo kimoja kidogo cha kusini mwa Marekani kikampa Yaya masomo ya bure kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Udhamini ule ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, ukiongezwa kocha akiridhika na kukatwa asiporidhika. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wa Yaya ulikuwa umejaa, na nyumba nzima tuliulamba: ukiwa mzima anasoma, ukiharibika anarudi. Hilo tulilijua sote, hata mimi niliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Hakuna aliyenifundisha besiboli. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyokuja kujifundisha baadaye Kiswahili hiki cha kuandika, maana cha nyumbani kwetu ni kingine. Duka la jirani lilikuwa la Mjomba Salum, mtu wa Tanga aliyeuza vifuniko vya simu, na intaneti yake ilipenya ukuta hadi kwetu. Alinipa neno la siri kwa sharti moja, kwamba nimweleze ninachotazama. Nikaketi sakafuni juu ya vipande vya vitambaa na kompyuta kuukuu ya Yaya, nikazitazama sheria moja baada ya nyingine mpaka nikaziota. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikijua nusu ya jambo silali. Niliamini pia, na nasema haya nikiona haya, kwamba kama nikiujua mchezo ule bila kosa hata moja, hakuna baya litakalompata Yaya wangu. Mechi zake nyingi zilichezwa sisi tumelala, nikazitazama kesho yake, nikiwa nimekaa pale pale, miguu ikiwa imekunjwa vile vile.

"Hebu we mtoto, mchezo gani huu?" Mjomba Salum aliniuliza siku moja, akiwa ameinama juu ya bega langu. "Watu wamesimama tu kama wanangoja muhogo uive. Unaisha saa ngapi?"

"Hauna saa, Mjomba. Unaisha ukiisha."

"Alaa! Kumbe kama maombi yenu Wakongo."

"Salum, nakusikia!" Mama alipaza sauti kutoka kwenye cherehani.

"Nisamehe, Mama Justin! Nimeyasifia!"

Jambo nililolielewa mapema, na ambalo lilikuja kunitesa, ni kazi ya mrushaji. Husimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja, akarusha mpira kwa nguvu zake zote, tena, na tena, huku mpinzani akijaribu kuupiga. Mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kocha mwenye huruma humtoa mrushaji kabla hajachoka, akaingiza mwingine, na yule aliyetolewa hupumzishwa siku kadhaa kabla ya kurusha tena. Akitoka, wenzake humpigia makofi. Katika besiboli kutolewa si aibu. Ni kutunzwa.

Lakini Mama alikuwa mtu wa kandanda. Mdogo wake aliwahi kutolewa uwanjani kule Uvira mbele ya mtaa mzima kabla hata ya mapumziko, na watoto wakamwimbia njia nzima, akawa anapita vichochoroni mwezi mzima asionekane. Tangu hapo, kwa Mama, mtu aliyetolewa ni mtu aliyekataliwa. Na sisi tulikuwa tumetolewa kwingi, nyumbani kwetu Uvira kwanza, kisha katika vyumba vya kupanga huku Johannesburg ambavyo wenyewe walibadili nia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa hiyo kila mechi, kabla hata sijafungua kompyuta, Mama aliweka kiganja juu ya kifuniko chake na kuomba ombi moja tu: "Mungu wangu, basimutoe."

"Mama, huku kutolewa ni vizuri," nilijaribu kumwambia. "Wanamlinda mkono."

"Weye unajua mambo ya mashini ile," akanijibu bila kuinua macho. "Miye najua mutoto yangu."

Msimu uliendelea hivyo tangu Februari, na Yaya alirusha vizuri kila Ijumaa, akatolewa kwa wakati wake, na Mama akahuzunika kila Jumamosi. Mwanzoni mwa Juni, baridi ya Johannesburg ilipoanza kupenya chini ya mlango, chuo chake kikaingia kwenye mashindano ya ubingwa. Mashindano yale huanza kwa makundi ya timu nne nne, na timu ikifungwa mara mbili inarudi nyumbani. Anayeyashinda yote huishia Omaha, mji ambao Yaya aliutaja kama akina Mama wanavyoutaja Yerusalemu. Ijumaa alirusha, wakashinda. Jumamosi walifungwa bila yeye. Kwa hiyo Jumapili ilibidi washinde mechi ya mchana au wafungashe, na saa sita ya mchana kwao ilikuwa saa moja ya jioni kwetu.

Saa chache kabla ya mechi alitupigia simu ya video. Alikuwa anakula mayai, na alikula kwa mkono wa kushoto. Mama aliliona mara moja.

"Justin! Unakula na kushoto? Marekani bamekuharibu adabu?"

"Pardon, Mama," akacheka, akasogeza sahani pasipoonekana.

Nikamnyang'anya Mama simu. "Yaya, kiwiko?"

"Sharp, petite. Kiko sawa, mdogo wangu."

"Leo hurushi, siyo? Umerusha juzi tu."

Akatazama pembeni. "Kocha akiniuliza, nitamwambia nini?"

Mama aliona utovu wa adabu. Mimi niliona mkono usioweza kufika mdomoni. Nikamweleza Mama, na sauti yangu ikapanda kama inavyopanda ninapoogopa, naye akaniambia nisimtabirie ndugu yangu mabaya siku ya Bwana.

Jioni ile wanawake wa kikundi cha maombi walijaa dukani, wakiongozwa na Mama Neema, msusi wa mtaa wa pili, ambaye sauti yake ilitetemesha vioo. Mavazi ya wateja yalining'inia juu ya vichwa vyao. Mimi nilikaa mahali pangu juu ya vitambaa, kompyuta magotini, kuwapa habari. Mchezo ulikuwa haujafika mbali, kamera ikamwonyesha mtu akitembea polepole kuelekea kile kilima, na kabla hajageuka nilimjua kwa mabega.

"Wamemwingiza," nikasema.

Duka likalipuka kwa vigelegele. Mama akapiga magoti kati ya cherehani na pasi. "Basimutoe, Yesu! Basimutoe!" Na wote wakaitikia.

Nilimtumia Yaya ujumbe: waambie. Ulibaki na alama moja ya kijivu, kwa kuwa simu yake ilikuwa imefungiwa kabatini huko ng'ambo ya bahari. Sijui nilitarajia nini. Picha iliganda, duara likazunguka, ikarudi, yeye bado yuko pale. Aliporusha alikuwa na nguvu ajabu, wapinzani wakazungusha magongo hewani bila kugusa kitu, na baada ya kila mrusho aliutikisa mkono wake kama mtu anayekung'uta maji. Mtangazaji akaanza kulizungumzia. Alisema kijana huyu alirusha juzi, alisema mirusho imepita mia. Wanawake hawakuelewa Kiingereza chake, na waliponiuliza amesema nini, nikawaambia.

"Bamesema amechoka," Mama Neema akawatafsiria wenzake. "Tumuombee nguvu!"

Mjomba Salum alirudi kutoka sala ya tarawehe, maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani, akachungulia mlangoni. "Bado yumo?"

"Iko ndani!" wakamjibu kwa furaha.

Alinitazama mimi, si wao. Nadhani ndiye pekee aliyeuona uso wangu. "Eish," akasema taratibu, akaondoka.

Mara moja kocha alitoka na kwenda hadi kile kilima. Ndipo nilipoomba, kimya, kinyume cha mama yangu mzazi na kinyume cha wanawake wote waliokuwa wamepiga magoti kunizunguka: mtoe, mtoe, nakuomba umtoe. Sauti za watu wazima zilikuwa nyingi na yangu haikutoka hata mdomoni. Kocha alimwuliza jambo, Yaya akatikisa kichwa kukataa, kocha akampiga bega akarudi alikotoka. Mama alilia kwa shukrani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mtu mmoja tu katika uwanja ule alijua kilichokuwa ndani ya kiwiko kile, naye alikuwa amekwisha kusema hapana.

Alirusha hadi mwisho. Mrusho wa mwisho ulimshinda mpigaji, timu yake ikashinda, na wenzake wakamkimbilia. Yeye hakunyanyua mkono. Aliushika kwa ule mwingine, akiubana kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na vijana wale walipomrukia niliona mdomo wake ukifunguka. Dukani watu walikuwa wakicheza. "Habakumutoa!" Mama alipiga kelele, akaninyanyua pamoja na kompyuta. "Habakumutoa, mwanangu!" Mkasi uliangushwa na mtu, ting, na hakuna aliyeusikia. Usiku huohuo timu yake ilicheza mechi ya pili bila yeye, ikafungwa. Omaha hawakufika.

Alipasuliwa kiwiko mwezi uleule. Udhamini haukuongezwa mwaka uliofuata, akafanya kazi za hapa na pale, na mwishoni mwa 2018 akarudi Johannesburg na mkoba uleule alioondoka nao. Siku hizi anauza vifuniko vya simu na Mjomba Salum, na hutania wateja kwa Kisomali alichookoteza. Hajawahi kumlaumu mtu. Mimi nimeandika kisa hiki na kukifuta mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo neno sahihi zaidi, lililosemwa vizuri zaidi na mtoto mwerevu zaidi, lingebadili kitu. Silioni. Nilijua kila sheria ya mchezo ule na sikuweza kufanya lolote, na bado, kila jambo linapokaribia kuharibika, hukunja miguu vile vile na kuanza kusoma.

Mama na mimi hatujawahi kuizungumzia jioni ile. Bado kikundi kinakutana dukani, na bado anaomba kwa sauti, akiwataja watu kwa majina na mahitaji yao, visa ya huyu, tumbo la yule. Akifika kwa mwanawe husema tu, "Na Justin, Bwana, weye njo unajua," yaani wewe ndiye ujuaye, na Mama Neema hulazimika kupokea ombi.

Juni hii baridi imekuja mapema. Asubuhi za namna hii kiwiko cha Yaya hakikunjiki. Jana Mama alipika bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, chakula ambacho nyumbani kwetu huliwa kwa mkono, na kwa mkono wa kulia tu. Alitutengea sote. Alipofika kwa Yaya aliweka sahani, akachukua kijiko, akakilaza upande wa kushoto, akarudi jikoni kuleta maji.