Shokomzoba Iliyolia Gari Ikisimama

Mnaotaka kucheka chekeni, lakini mie hasira hazijaniisha. Naendesha Landrova ya bwana Mzungu mpima barabara. Fundi Hasanali wa gereji ya Temeke aliponifungia shokomzoba mpya, zile za kuzuia gari isirukeruke, nilimwambia azivike mifuko ya ngozi, mchanga usizile. Akakataa, eti mifuko hushika tope. Uvivu mtupu! Nikaenda kwa mshona viatu, nikazivika mwenyewe, na kila jioni nikirudi kutoka mabonde ya Kiwalani niliimwagia mifuko maji mpaka ikang'aa.

Wiki ya pili shokomzoba moja ikaanza kulia. Nikamvamia Hasanali mbele ya madereva wenzangu.

“Umenifungia kitu kibovu!”

“Inalia ukipita kwenye mashimo?”

“Inalia gari ikisimama! Tapeli mkubwa wewe!”

Hasanali akaingia chini ya gari, akaupasua mfuko kwa kisu. Likamwagika tope la wiki mbili, na humo akatoka chura mnene, akarukia kiatu changu, akalia sauti ileile.

Hasanali akachungulia kutoka uvunguni. “Mkamate, bwana dereva. Shokomzoba yako inaondoka.”