Ua la Makaburini na Kifua cha Bi Saada

Wewe unayekohoa ukaficha leso, haya nayaandika kwa ajili yako.

Mie ni Bi Mize wa Ng'ambo, bibi wa wajukuu wengi. Mikeka yangu imetandikwa majumba ya watu wakubwa mjini. Sijisifu, nasema kweli. Nilikaa nyumba moja na mke mwenzangu, Bi Saada. Watu walingoja tuparurane, wakachoka. Kila alasiri tulijibanza uani, sigara moja tunapokezana. Mume akiingia, tunasema moshi wa makumbi ya nazi.

Kikohozi kilinianza mimi. Makohozi yakaja na damu, nikakonda nikabaki mifupa. Mara Bi Saada naye. Akacheka: "Hata ugonjwa, mwenzangu, hutaki kuugua peke yako?"

Ilikuwa kansa ya mapafu. Mimi nilivushwa Dar es Salaam, nikapasuliwa, pafu likakatwa kipande. Yake ilishatambaa, kisu hakifai. Niliporudi tukalazwa vitanda jirani, sote tungoje sindano.

Daktari mgeni, mtu mwema, akaja na kimea chenye maua ya rangi ya waridi, kakichuma bustanini kwake. Muuguzi akatutafsiria: dawa ya sindano imekamuliwa humu, maradhi mengine imesaidia, ya mapafu bado wanaijaribu, hawaapii. Masikini, alitaka kututia moyo. Hakujua kwetu kile huota makaburini, na cha makaburini hakiingizwi nyumbani, sembuse mwilini.

Bi Saada alilitazama lile ua. Akasema taratibu, "Mwambie daktari, ua hilo hukaa juu ya vifua vya maiti. Changu bado kina pumzi."

Muuguzi alimsihi, mume alilia mbele yake. Nikamwambia tudungwe sote, tukifa tufe tumejaribu.

"Dungwa wewe," akasema. "Mmoja abaki wa kumpikia mzee."

Nikadungwa. Choo kikafunga, nywele zikabaki kwenye foronya, vidole vikafa ganzi hata ukili wa mkeka siushiki. Lakini damu ikakoma, nyama ikarudi. Nilimuuliza daktari, kilichoniponya kisu au ua? Akasema hajui. Namshukuru Mola anayejua.

Bi Saada hakuimaliza Ramadhani ya mwaka ule. Pengine hata angalidungwa asingalipona. Hapo ndipo panaponiuma, maana sitajua. Laiti daktari angaliliacha ua lake bustanini, akasema "dawa" tu.

Sasa majirani wananiona mzima, nao wanalichuma wanachemsha. Msinywe! Ni sumu, kipimo chake wanakijua hospitali. Sigara tupeni. Na ukiambiwa neno likakutisha, uliza tena kabla hujakataa.

Tulimzika kwao Chwaka. Lile ua limeota pale juu ya kifua chake, hakulipanda mtu. Nikienda, magugu yote nang'oa, hilo naliacha. Hulishika kidogo. Vidole vyangu havijapona ile ganzi. Nalishika, wala silihisi.