Siku Wivine Alipopelekwa Kipushi

Katika shule ya msingi anakofundisha Wivine, watoto wa mwaka wa kwanza humwita Madame. Ndivyo walimu wote wa kike wanavyoitwa mjini Lubumbashi, hata yule aliyeanza kazi juzi. Wivine alilizoea jina hilo, wala hakuliona kasoro mpaka shangazi yake, Marie-Thérèse, alipoanza kulichekea mbele ya wageni. "Madame bila Monsieur!" alikuwa akisema, akijipangusa machozi ya kicheko. Wageni nao walicheka. Wivine aliinuka kwenda jikoni kutazama sufuria ambayo haikuhitaji kutazamwa.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, akiishi peke yake katika nyumba ya marehemu wazazi wake, komini ya Kenya, sehemu ya mji huohuo. Baba yake, Alexis, alitoka Kabalo akiwa kijana, akifuata kazi ya reli. Nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba, kadiri watoto walivyozidi kuzaliwa, hata wakafika saba.

Zamani hizo lupango lote, yaani kiwanja kizima, kuanzia mlangoni hadi kwenye ua wa nyuma, lilikuwa kelele tupu. Asubuhi ndugu waligombania ndoo ya kuogea, mwenye sabuni usoni akilia kwamba maji yameibwa. Mama alisonga bukari, yaani ugali, huku akiimba nyimbo za misa za Kiluba, na pale sauti ilipopanda, mwiko nao ulipanda. Jioni Baba alirudi kutoka stesheni akinuka mafuta ya injini, na kabla hata ya kuvua kofia aliuliza mlangoni kama wote wapo: "Bote beko?" Sauti zikamwitikia kutoka kila chumba. Alingoja aisikie ya mwisho ndipo aingie.

Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja. Dada zake waliolewa Likasi na Kolwezi. Guelord, kaka mkubwa, alijenga upande mwingine wa mji. Baba alifariki, Mama akaugua miguu, na aliyebaki kumwinua, kumwogesha na kumgeuza kitandani ni Wivine. Kulikuwa na mwalimu mwenzake aliyemtaka wakati ule. Alingoja, akachoka kungoja, akaoa. Wivine alikwenda arusini, akacheza, akarudi nyumbani akalala vizuri. Jambo hilo lilimshangaza mwenyewe, lakini hakumwambia mtu.

Mama naye akaenda. Mwaka mmoja baadaye, baada ya misa ya kumkumbuka, familia ilikaa sebuleni, na Shangazi hakungoja hata sahani ziondolewe.

"Wivine, mutoto yangu, sasa inatosha. Mama yako alikuwa mugonjwa, tulinyamaza. Leo uko nachunga nani hapa? Bibambazi bya nyumba?"

"Niko nafundisha, shangazi."

"Kufundisha haizalake batoto."

Guelord alikohoa, akatazama viatu vyake. "Kuko muntu Kipushi," alisema. "Gauthier. Iko fundi wa umeme. Bibi yake alikufa, batoto bake bamekomaa. Ni muntu ya kanisa."

"Siku ya posho tutaenda kumuona," Shangazi akamalizia, na shauri likawa limekatwa.

Wivine alikubali, wala si kwa kumwogopa Shangazi. Kila Jumapili alasiri, akishaosha sahani yake moja, kitu fulani kilimbana kifuani, na hakuwa na jina la kukipa. Familia ilikuwa na jina tayari: ni bwana anakosekana. Wameliona wote, akawaza, pengine ni kweli.

Jumamosi hiyo, siku ya posho, maua ya jakaranda yalikuwa yamemwagika barabarani, zambarau tupu, kama ilivyo kila Oktoba. Njia nzima ya Kipushi Shangazi alimnyoosha kitambaa cha kichwa na kumpa maagizo. "Usiseme sana. Akiuliza miaka, ujifanye hukusikia."

Gauthier alikuwa mrefu, mpole, na shati lake lilionekana kupigwa pasi na mtu mwingine. Dada yake ndiye aliyepika na ndiye aliyesema kwa niaba yake. Walipokwisha kula sombe, majani ya muhogo, na samaki, Shangazi na dada huyo walikumbuka ghafla kwamba kuna bustani ya kutazama nyuma ya nyumba. Wakatoka wakisukumana.

Gauthier alitazama mikono yake. Wivine alitazama ukuta, akaona pale juu ya kabati pameachwa mraba mweupe kuliko rangi ya pembeni.

"Kulikuwa picha pale?"

"Ya bibi yangu. Dada aliitosha pale ukutani. Alisema utaona mubaya."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya mulango ya chumba."

"Uilete."

Aliileta akiikumbatia kwa mikono miwili. Albertine, marehemu mkewe, alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitenge cha kijani, akicheka huku anataka kumfukuza mpiga picha. Gauthier akaanza kueleza: jinsi alivyokuwa akibishana na redio, mtangazaji anasema na yeye anamjibu, mpaka majirani walidhani nyumbani mna wageni. Wivine alicheka, na Gauthier akacheka, kisha akaiweka picha mezani.

"Madame Wivine, nikuambie ya kweli. Banasema nakosa bibi. Hapana. Mimi sikosi bibi. Ninakosa Albertine." Akainua macho. "Na weye? Unakosa nini?"

Katika miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Wivine alifungua kinywa atoe neno la adabu, na badala yake ikatoka ndoo ya kuogea, ukatoka wimbo wa Mama, akatoka Baba na kofia yake mlangoni. Alisema kwa muda mrefu, machozi yakimshuka bila haya. Na alipokuwa akisema alijisikiliza, akagundua kwamba katika yote anayoyalilia hamkuwa na bwana hata mmoja, wala nafasi yake haikuonekana.

"Nakosa bale bantu," alisema mwishowe. "Ni bao tu."

Shangazi aliporudi alikuta macho mekundu pande zote mbili na picha katikati ya meza. Akapiga makofi. "Asante Mungu! Imeshika!"

"Shangazi," Wivine alisema, akisimama, "Gauthier ni muntu muzuri sana. Lakini hatutaoana. Hakuna mwenye kukatala mwenzake. Tumeongea tu."

Walishika njia ya kurudi. Mji ulipoanza kuonekana, Shangazi alisema polepole, kwa sauti ambayo Wivine hakuwahi kuisikia: "Naogopa utakufa peke yako."

Wivine akamshika mkono. "Mama alizaa batoto saba, shangazi. Ile siku alikufa, mukono yake ilikuwa mu mukono ya nani? Ya moja tu."

Shangazi aligeuza uso dirishani.

Jumapili alasiri kifua bado humbana. Lakini sasa Wivine anajua kinachombana, na hakioni tena kama doa lililo mwilini mwake. Huweka kiti mlangoni akaacha miaka ile ipite. Mzazi mmoja wa shuleni alipomwuliza jina la bwana wake, alijibu "Sikuolewa" kama mtu anayetaja barabara anayokaa, kisha wakaendelea kuzungumza juu ya mtoto anayechelewa kusoma.

Shangazi hakukanyaga nyumba ile ya Kenya hadi Pasaka. Alikuja na kuku hai kwapani, akakaa, akasifu mapazia, akauliza habari za shule. Saa nzima ilipita salama. Kisha akasogeza kiti.

"Wivine, kuko mwanaume moja, Likasi kule..."

"Shangazi," Wivine akasema, akimwekea bukari ya moto mbele yake, "kula kwanza."